Mchicha na Mkorosho wa Somoe

Sogeeni, kisa kinapita njiani.

Zimwi la Nambunga lilimfungia Mkwanda ndani ya jiwe, likamwambia mkewe, Somoe: "Panda mchicha na mkorosho. Korosho ya kwanza ikianguka, mumeo atatoka. Mti ukifa, msahau."

Somoe akaimwagilia yote miwili asubuhi na jioni. Mchicha ukaimba, "Ongeza, mama!" Mkorosho ukanyauka. Akaongeza maji, ukazidi kunyauka. Alipoinua ndoo tena, mti ukalia: "Mama, unanizamisha! Nipe jua, nipalilie, kisha ungoje."

Akaacha kuumwagilia mti, akaupalilia, akangoja miaka. Korosho ikaanguka, jiwe likapasuka, Mkwanda akatoka.

"Wewe! Miaka yote hiyo ya kungoja hukufa njaa?" zimwi likafoka.

"Mchicha ulinilisha," Somoe akajibu, "nikiungoja mkorosho."

Kisa kimeiva, wasikilizaji. Kigawaneni.