Ila Saba za Mji wa Hajaria

Inasimuliwa na waliopokea kutoka kwa waliotangulia kwamba palikuwa na mji jangwani ukiitwa Hajaria, mji wa mawe meupe na mitende, ambao wacha Mungu waliuasisi juu ya kisima kimoja na sharti moja. Kisima kilikuwa kirefu na sharti lilikuwa fupi: mgeni ajaye kuhamia asivuke lango kabla hajaelezwa fadhila saba za mji na ila zake saba, kwa ulimi wa mtu mmoja mwaminifu, naye wakamwita Msema Kweli. Waasisi wale walikuwa wafanyabiashara. Walijua kwamba anayeuza ngamia mwenye kidonda chini ya tandiko amekula haramu, wakaona na mji nao ni bidhaa, tena bidhaa ambayo aliyekwisha kuinunua kwa umri wake hana pa kuirudisha.

Waasisi wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Wakaja wajukuu, na wajukuu wa wajukuu, na lile sharti hakuna aliyelifuta. Walilifanyia jambo baya zaidi. Waliligeuza mzaha. Msema Kweli alisimama langoni akazitaja fadhila kwa sauti ya kupendeza, kisha alipofika kwenye ila akakunja uso kama mfiwa na kusema: “Ila ya kwanza, enyi wageni, ni tende zetu. Mtanenepa mpaka ngamia wawakatae. Ila ya pili ni jua letu, linaamka mapema mno, wavivu hapa hawapati usingizi.” Na kadhalika hadi ya saba. Wageni, ambao wametembea siku nyingi na wanatamani kucheka, walicheka. Na aliyecheka langoni amekwisha kuingia.

Ungewauliza watu wa Hajaria, wangekuapia kwamba hakuna aliyedanganya.

Mji wenyewe ulikuwa na pande mbili. Upande wa mashariki vichochoro vilikuwa vyembamba, nyumba zikiinamiana hata mtu akatembea kutoka msikitini mpaka sokoni bila jua kumgusa utosi, na juu ya mapaa palikuwa na minara ya kunasa upepo na kuushusha vyumbani. Huko walikaa wenye mji. Upande wa magharibi, kwenye mteremko wa chokaa usio na mti, palijengwa vyumba vya mawe vifupi kama matanuri. Paliitwa Upande wa Jua, na ndiko walikopelekwa wageni. Zamu yao ya maji ilikuwa ya mwisho, baada ya mitende ya mashariki kunywa ikashiba. Kazi yao ilikuwa kuchimba na kuzibua mfereji wa chini ya ardhi uletao maji mjini, na kubeba mawe yake. Kazi hiyo haikusimama hata katika zile siku arubaini za samumu, upepo wa moto, ambapo ndege huanguka kutoka angani wakiwa wamekwisha kufa.

Katika Upande wa Jua aliishi mwanamke mwema aitwaye Unaisa binti Rabii. Aliingia Hajaria akiwa na miaka ishirini, yeye na mumewe na mtoto wao wa kike, Lubaba, aliyekuwa bado ananyonya. Langoni alizisikia zile ila saba akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Siku ya thelathini na moja ya samumu ya mwaka ule, Lubaba alikufa. Unaisa hakuwa na jamaa wala jirani aliyemjua, akamwosha mwanawe mwenyewe, kwa nusu ya kiriba cha maji. Tangu hapo akajifunza kuosha maiti wa kike na watoto, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata mumewe alipofariki naye hakuiacha. Watu wakamwita Ummu Lubaba, na pande zote mbili zikamheshimu, kwa kuwa alichokiona juu ya mwili wa maiti hakikutoka kinywani mwake kamwe.

Alipokufa Msema Kweli wa zamani, wenye mji walimteua Unaisa. Walisema hawajapata kumsikia akisema uongo, na hilo ni kweli. Lakini walikuwa na hesabu nyingine vichwani. Walidhani kwamba mtu anayezifunika siri za wafu atazifunika na za walio hai. Hawakujua tofauti ya sitara na maficho, na si wao peke yao wasioijua.

Mwaka ule mfereji ulikuwa umebomoka mahali patatu, na habari zikafika kwamba msafara wa kaya arubaini unakuja kutoka milimani, ambako mvua ilikuwa imekataa miaka miwili. Amiri wa mji, Dhamra bin Waqid, alikwenda mwenyewe kwa Unaisa asubuhi na mapema, akaketi kizingitini pake, jambo ambalo watu wa mashariki hawakuwahi kulifanya. Akamwuliza habari za afya yake, akamhurumia kwa kile chumba, akamweleza kwamba karibu na msikiti kuna nyumba tupu yenye mnara wa upepo, na kwamba ingefaa akae humo Msema Kweli. Kisha akasema:

“Ummu Lubaba, maneno ya langoni unayajua.”

“Nayajua, Amiri. Niliyasikia nikiwa nimesimama upande wa nje.”

“Basi yaseme hivyo hivyo. Sikuombi uongo, naomba hifadhi ya Mungu. Nakuomba mzaha tu.”

Unaisa alimwomba ampe nafasi amtake Mola wake ushauri. Amiri akaondoka akiwa ameridhika, kwani hajawahi kuona mtu anayechemka akikataa upepo.

Nasi tusiwageuze waja wema kuwa mawe. Unaisa aliitaka ile nyumba. Alikuwa na miaka hamsini, na katika siku za samumu alilala juu ya mkeka aliourowesha maji, ukakauka kabla hajamaliza dua. Tena lilikuwapo jambo zito kuliko nyumba. Watu wale walikuwa wanakimbia njaa. Akiwaambia ukweli wakageuka, je, kuna maji huko wanakogeukia? Akiwaficha wakaingia, yeye ndiye atakayewaosha watoto wao. Aliswali rakaa mbili za istikhara, akaswali tena siku ya pili, na hakuota ndoto yoyote. Alichokipata ni kwamba kila alipojaribu kuutamka ule mzaha wa tende, ulimi wake ulikuwa mzito.

Siku ya Alhamisi, jua lilipopanda kiasi cha mkuki, msafara ulisimama mbele ya lango. Mkuu wao alikuwa mzee aitwaye Subaia bin Ghanim. Watu wa mji walijaa ukutani, kwa kuwa siku ya langoni ilikuwa kwao kama siku ya ngoma.

Unaisa aliweka mkono kwenye nguzo ya lango akaanza na fadhila, na hakuzipunguza hata moja, maana anayeficha wema wa kitu naye amekidhulumu. Aliwaambia hewa ya Hajaria ni kavu, mwenye kifua hupumua, na kidonda hufunga bila usaha. Nafaka hukaa miaka saba haijaona fukusi. Hakuna mbu, kwa hiyo hakuna homa. Adui hafiki, kwa sababu jangwa lenyewe ni askari. Tende za hapo hazina mfano. Jua likizama watu hupanda juu ya mapaa, wakaongea paa kwa paa, na kwa saa ile moja mji huwa wa watu wote. Na mpita njia hanyimwi maji ya kunywa, hata awe nani.

Amiri alitabasamu. Watu ukutani wakajiweka tayari kucheka.

“Ila ya kwanza,” akasema Unaisa, “jua ni la wote, lakini kivuli kina wenyewe. Nanyi si wenyewe.”

Wachache walicheka kwa mazoea, kisha wakasikia walichokicheka. Akaendelea kwa sauti ile ile ya taratibu aliyoitumia kuwaelekeza waliofiwa. Akaeleza samumu na siku zake arubaini. Akaeleza zamu ya maji na nani hunywa kabla yao, akiwemo mtende. Akaeleza mfereji, na mawe, na saa za kuyabeba. Kwenye ila ya tano akaonyesha kwa kidole nyuma ya mteremko wa chokaa, akasema makaburi mafupi yale anayajua moja moja, na la kwanza ni la mwanawe.

Hapo binamu wa Amiri akapaza sauti kutoka ukutani kwamba bibi huyu jua limempiga.

“Limenipiga miaka thelathini, mwanangu,” akamjibu bila kugeuka. “Leo ndiyo umeona?” Kisha akawarudia wageni: “Ila ya sita. Mtu akifa kwa joto hapa, husemwa siku zake zimefika. Nami naamini siku ya kufa iko kwa Mwenyezi Mungu, sikatai. Lakini nauliza, mbona siku za watu wa upande mmoja hufika zote katika samumu? Na ila ya saba ni kwamba haya yote tunayajua, na tumeyafanya kichekesho.”

Mzee Subaia aliwatazama watu wake. Akasema, “Binti yangu, mbona unatufukuza?”

“Sikufukuzi, baba. Ningetaka kukufukuza ningekuficha zile fadhila. Nimekupa mizani, pima wewe.”

Wakashauriana mpaka adhuhuri. Kaya thelathini ziligeuka, zikajaza viriba, zikashika njia ya kisima kilicho mwendo wa siku tatu. Kaya kumi zilibaki, miongoni mwao mjane mwenye mtoto mgonjwa wa kifua, ambaye alisema anaichagua hewa huku akiyajua mengine. Waliobaki waliingia macho wazi. Walikataa kugusa jiwe tangu jua la utosi mpaka alasiri, na Amiri, ambaye mikono ya kaya hizi kumi ilikuwa bora kwake kuliko kukosa kabisa, alikubali huku akiuma meno.

Na wale thelathini? Wako wapokezi wanaosema walifika salama. Wako wanaosema hawakuonekana tena. Unaisa hakupata kujua, na kutojua huko alikubeba mpaka kufa kwake. Watu wa mashariki hawakuacha kumkumbusha. Walisema amewaua watu kwa ulimi, hao hao ambao hawakuhesabu hata siku moja waliouawa kwa mzaha. Walimvua cheo. Zamu yake ya maji ikawekwa nyuma ya zamu ya mwisho. Ile nyumba ya mnara akapewa Msema Kweli mpya, mtu mcheshi sana. Unaisa alivumilia, na alipoitwa kuosha maiti alikwenda, wa mashariki na wa magharibi, bila kuchagua.

Samumu ya mwaka ule ilikuwa kali hata ikaingia kwenye vichochoro, na siku ya ishirini akafariki mama yake Amiri, Bi Raihana. Hakukuwa na mwingine aliyejua kuosha maiti inavyostahili. Wakamwita Unaisa asubuhi, akaja, akamwosha yule bibi kwa upole, akamsuka nywele mikia mitatu, akamtia kafuri, akamkafini kama anayemvika binti yake. Maji aliletewa mitungi saba. Aliitazama mitungi ile kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Alipotoka, Amiri Dhamra alimfuata kichochoroni, macho yamemvimba. Akatembea naye. Karibu na mwisho wa nyumba akasema:

“Ummu Lubaba, nilikudhulumu. Nisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mama yangu asiingie kaburini na dhuluma yangu ikimfuata.”

“Mama yako hafuatwi na dhuluma ya mtu mwingine,” akasema Unaisa. “Na wewe, kwa haki yangu, nimekusamehe, nyumba na maji na maneno, mbele ya Mola wangu. Lakini haki ya watu wa Upande wa Jua si mali yangu hata niitoe. Mwanangu Lubaba ni mmoja wao, na hata yake sina ruhusa nayo. Walio hai wako pale mferejini, waombe. Waliokufa unajua walipo. Twende, nitakuonyesha kila mmoja.”

Akatangulia. Amiri akamfuata mpaka ukuta wa mwisho, pale kivuli kinapokatika kama kitambaa kwenye ardhi nyeupe. Akasimama. Mbele yake palikuwa na mwendo mfupi tu, kiasi cha mtu kusoma Yasini hata isifike nusu. Aliinua mkono akakinga macho, akalitazama lile joto likicheza juu ya chokaa, na mwanamke yule akipungua ndani yake.

Akarudi.

Basi, enyi mlioamini, tukisikia kisa hiki tusikimbilie kumlaani Amiri. Kumlaani ni rahisi, naye amekwisha kwenda kwa Mola wake. Tujiulize sisi, kila mmoja katika mji wake, ni kaburi la nani tunaloshindwa kulifikia kwa kuogopa jua la hatua mia. Mwenyezi Mungu amrehemu Unaisa binti Rabii, amkutanishe na Lubaba mahali pasipo na samumu. Na sisi atupe ulimi kama wa Unaisa, au angalau atupe haya ya kutocheka.