Mtetea Mmoja na Wenyewe Wanne

Hapo zamani, na si zamani sana, kwa kuwa bati lilikuwapo na watu walishajua kujisifu, Tunu na mumewe Kibwana walihamia kwenye ekari yao mpya nje ya mji wa Muheza. Miaka yote waliyopanga chumba, mwenye nyumba alikataza kuku. Kwa hiyo Tunu alipokanyaga ardhi yake hakuota ghorofa wala gari. Aliota kuku. Aliwaota kwa wasiwasi, kama alivyofanya mambo yote: watalala wapi, watakunywa nini, na je, wakimchukia?

Shangazi yake, Mwanaidi, akaja na kuku koo mwekundu kwapani.

"Nakufugisha, mwanangu, sikupi," alisema hata kabla ya kukaa. "Desturi unaijua. Uzao wa kwanza tunagawana nusu kwa nusu, kisha koo wangu anarudi nyumbani."

"Naijua, shangazi."

"Unaijua, lakini nakwambia."

Koo akataga, akaatamia mayai yake kwa moyo wote. Kasoro ilikuwa moja tu: shamba zima halikuwa na jogoo. Jirani yao, mzee Shemweta, aliegemea ua akacheka mpaka akashika mbavu.

"Binti, hayo kaanga! Ngoja nikuletee mayai ya jogoo wangu. Bure kabisa. Jirani ni jirani."

Bure ya Shemweta, kama mtakavyoona, ilikuwa ya kuazima.

Tunu, mtu wa usafi, aliyaosha mayai yote kwa maji ya moto na sabuni, akayakausha kwa kitambaa laini, ndipo akamwekea koo. Nusu yakawa viza. Yaliyobaki yakaanguliwa, labda kwa kumhurumia.

Banda alijenga Kibwana. Alipima kwa macho, akapigilia misumari kwa imani. Chini ya mlango akaacha pengo.

"La nini hilo?" Tunu aliuliza.

"La hewa, mke wangu. Kuku naye anapumua."

Hewa ikapita. Kicheche naye akapita, akaondoka na vifaranga watatu.

Tunu akaziba pengo, akaanza kumtazama vibaya paka wa jirani. Shemweta akaudhika.

"Paka wangu hagusi vifaranga. Nimemlea kwa adabu."

Paka huyo mwenye adabu akala wawili, akajilamba, akarudi kwao.

Shangazi Mwanaidi, kusikia msiba, akaja na zawadi ya kufariji: jogoo aliyemnunua mnadani. Jogoo alikuwa anasinzia, shingo imelegea, na shangazi akamtia bandani moja kwa moja.

"Shangazi, huyu mbona kama mgonjwa?"

"Amechoka safari. Hata wewe ungening'inizwa miguu juu kutoka mnadani ungesinzia."

Ulikuwa ugonjwa wa mdondo. Jogoo akafa. Koo akafa. Vifaranga wakafuatana kama wanaoitwa majina.

Akabaki mmoja. Jike.

Tunu alimweka kwenye kapu. Akilima, kapu lipo. Akipika, kapu lipo. Akilala, kapu lipo chini ya kitanda na mkono wake umening'inia humo. Kifaranga akaota manyoya, akaota kishungi, akawa mtetea. Asubuhi moja akaanza kulia kile kilio cha kuku anayetafuta pa kutagia, na Tunu akakaa chini kando yake. Huyu akitaga, ufugaji umeanza. Huyu akiondoka, ekari imebaki nyasi.

Siku za vifo hakuna aliyerudi kutoa pole mara ya pili. Siku ya kilio cha mtetea walifika wote.

Shangazi alikuja na tenga tupu. "Bila koo wangu angeatamiwa na nani? Na wewe? Koo wangu amefia kwako, nusu yangu sijaiona. Nipe huyo, yaishe."

"Nusu ni nusu, shangazi. Kuku mmoja hagawanyiki."

"Hugawanyika."

"Wapi?"

"Sufuriani."

Shemweta akakohoa. "Bila mayai yangu mngeatamia mawe. Mtazameni kishungi! Huyo ni mtoto wa jogoo wangu."

"Si ulisema bure, mzee wangu?"

"Mayai nilisema bure. Kuku nilimtaja?"

Kibwana naye hakutaka kubaki nyuma nyumbani kwake. "Bila banda langu angelala nje."

"Amelala kwenye kapu, Kibwana."

"Kapu lilikuwa ndani ya nyumba. Nyumba kajenga nani?"

Tunu alisema la kwake mwisho. "Bila mimi angekufa. Sina jingine."

"Wewe?" Shangazi akapiga makofi. "Wewe uliyewaogesha wangali ndani ya mayai!"

Wakacheka wote, hata Kibwana. Tunu akangoja wamalize. Kisha akaliweka kapu katikati yao, mtetea akichungulia.

"Haya. Mtu amchukue. Lakini anayemchukua mzima achukue na maiti. Aseme hapa, mbele ya wenzake: wangapi walikufa kwa mkono wake? Nami nimo, nitasema wangu."

Shangazi akaanza kufunga upya kanga yake, ambayo haikuwa imefunguka. Shemweta akakumbuka kwamba nyumbani kuna mgeni, ila hakwenda. Kibwana akatazama angani kama anayetafuta mvua. Lakini kila mmoja akarudi kuliibia kapu jicho.

Basi, nyinyi mliokaa mkisikiliza, na kila mmoja wenu ana jibu lililomjaa mdomoni: mwenye koo, mwenye mayai, mwenye banda, mwenye kapu, je, nani alistahili kuondoka na mtetea? Na huyo mtakayemtaja, maiti mtamhesabia wangapi?