Barua ya Shukrani Niliyojiandikia Mwenyewe

Juzi nilipokea kwenye simu ujumbe wa shukrani kutoka kwa familia moja iliyofiwa. Umepangwa vizuri, na chini umeandikwa kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, basi wote tupokee. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mke wangu niliwatumia watu wote maneno hayo hayo kwa mpigo mmoja, nikaona nimemaliza. Lakini ujumbe ule umenikumbusha Bibi Nakundwa na barua zake, na dhambi moja niliyoitenda kwa kalamu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mnivumilie maneno yakipinda.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, kwetu milimani Upare. Siku zile habari zilipanda na kushuka kwa miguu, na kwa kengele ya kanisa. Mimi nilikuwa katibu wa usharika. Sikuchaguliwa kwa hekima. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko, na Mungu anajua jinsi mwandiko ule ulivyonipa kiburi.

Mpiga kengele wetu alikuwa Mzee Elinihaki, mume wa Bibi Nakundwa. Alipiga miaka thelathini na mmoja. Kengele ya ibada aliipiga kama mtu anayeita watoto waje kula. Ya msiba ilikuwa nyingine: mara tatu polepole, kisha kimya cha kutosha kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku, kisha mara moja, peke yake. Mama akiwa anapalilia tangawizi bonde la pili, akiisikia ile moja, anaweka jembe chini na kuuliza, "Nani tena jamani?" Mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Mzee Elinihaki akafariki wakati wa mvua za vuli. Mchungaji akanipa kazi moja tu.

"Katibu, jeneza likianza kushuka, wewe uwe juu kanisani. Mpiga kengele asizikwe bila kengele."

"Ndiyo, Mchungaji."

Sikwenda. Sina sababu ya maana ya kuwapa. Mkuu wa jimbo la kanisa letu alikuwa amekuja, nami nilikuwa nimeshika karatasi ya ratiba, nikiita watu wa kuweka mashada. Nilitaka anione. Nikajiambia nitapanda baada ya shada hili, basi baada ya hili, mpaka jeneza likaanza kushuka nami nimesimama pale pale.

Kengele ikalia.

Tatu, polepole. Kimya. Moja.

Watu wakaangua kilio upya. Bibi Nakundwa hakulia. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu na kusema, "Asante. Asante." Mimi nikageuka kutazama juu kanisani.

Watu walipokaa kula makande nikapanda mlima mbio. Nikamkuta Mbonea ameketi kwenye ngazi ya kanisa, koti limelowa, viganja vimechubuka kwa kamba. Mbonea alikuwa jirani wa marehemu, mashamba yao yamepakana. Kijiji chetu kina ndiva, ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia. Hao wawili waligombana juu ya zamu. Miaka sita hawakusalimiana.

"Ni wewe uliyepiga?" nikamwuliza.

"Ulitaka ipigwe na nani? Nilikuja kumwombea humu ndani, maana kule chini sikaribishwi. Nikaona dirishani jeneza linashuka, na kamba haina mtu."

"Nilikuwa na shughuli."

"Nilikuona. Wewe na karatasi yako."

Akavaa kofia, akashuka kwa njia ya nyuma. Sikumfuata, wala sikumwambia mtu.

Wiki moja baadaye Bibi Nakundwa akaniita nikamwandikie barua za shukrani. Yeye hakujua kusoma. Nilimkuta amekaa barazani, juani, na koti la marehemu bado limetundikwa kwenye msumari nyuma yake. Mwanawe mkubwa, Kundaeli, alikuwa amekuja kutoka Moshi na kipande cha gazeti.

"Mama, tutoe tangazo kama hili. Linawashukuru wote mara moja. Sikiliza: kwa kuwa si rahisi kumshukuru kila mmoja..."

"Nani amekwambia si rahisi?"

"Ndivyo watu wanavyoandika, Mama."

"Walikuja wote mara moja? Walinijia mmoja mmoja, na kila mtu na mkono wake. Katibu, chukua kalamu."

Tukaandika alasiri nne. Karatasi zilikuwa za daftari, bahasha tulikunja wenyewe, tukazigandisha kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Aliponipa chai ya tangawizi alinisubiri nimeze ndipo aendelee. Hakumshukuru mtu kwa ujumla hata mara moja.

Kwa Naetwe, binti wa jirani: "Asante kwa kuosha vyombo siku tano bila kuniuliza vinakaa wapi. Chujio langu sijaliona mpaka leo, lakini asante."

Kwa mzee mmoja kipofu: "Asante kwa kukaa na mimi ukanyamaza. Wengine wote walikuwa na la kusema."

Kwa wanaume wa kwaya: "Ile sauti ya juu iliwashinda. Ya chini ndiyo iliyonishika mkono. Asanteni."

Kundaeli akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hizi si shukrani, hizi ni kesi!"

"Mtu hujui alichokufanyia, utamshukuruje? Endelea, Katibu."

Alasiri ya nne akasema, "Sasa yako."

"Mama, mimi wala usijisumbue."

"Andika jina lako hapo juu."

Nikaandika. Naye akatamka polepole, akiangalia upande wa kanisa:

"Asante kwa kengele. Nilikuwa naogopa mume wangu anakwenda bila kuagwa na ile kengele yake. Ukaipiga kama yeye. Hata kile kimya ukakiacha kirefu kama chake. Sikujua kama alikufundisha. Tangu siku ile napata usingizi."

Ningesema pale pale. Nafasi ilikuwepo na ulimi ulikuwepo. Nikaandika neno kwa neno, nikaweka nukta. Na Mungu anisamehe, katika barua zote zile hakuna iliyotoka na herufi nzuri kama hiyo.

Ijumaa wazee wakanipa kazi nyingine. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mfinanga, mtu mkali asiyependa maneno mengi.

"Mbonea hakuja kumzika jirani yake wa mpaka mmoja. Desturi yetu mnaijua. Atengwe. Katibu, andika, uisome Jumapili kwenye matangazo, watu wote wakiwepo."

Kwetu milimani kutengwa hakukuwa mchezo. Mtu aliyetengwa haombwi chumvi wala hapewi moto. Akiugua, hakuna wa kushika machela kumpeleka zahanati. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe. Na nyumbani kwa Mbonea alikuwemo mama yake mzazi, kikongwe wa kitandani, wa kugeuzwa ubavu.

"Na mama yake je?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Angezaa mtu mwenye adabu," akajibu Mzee Mfinanga, na wengine wakacheka.

Nikaandika. Karatasi mbili, kalamu moja: moja inanishukuru mimi, nyingine inamtenga Mbonea, kwa kazi ile ile moja. Nikazitia zote kwenye Biblia yangu. Siku mbili sikuthubutu kuifungua Biblia hiyo.

Jumapili kanisa likajaa. Bibi Nakundwa alikaa benchi la mbele, amefunga kitambaa cheusi, wanawe wamemzunguka. Mbonea alikuwa nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake. Nafikiri alishasikia, maana alikuwa anaangalia sakafu tu.

Nikasimama. Nikasoma la ubatizo, nikasoma la kufagia uwanja. Kisha nikaishika karatasi ile.

"Ndugu Mbonea," nikasoma, "siku ya maziko ya mzee wetu hakuonekana..."

Hapo nikaishusha karatasi.

"Alionekana," nikasema. "Mimi nilimwona."

Mzee Mfinanga akainuka. "Katibu, soma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni uongo, Mzee, na nimekiandika mimi. Kengele iliyolia sikuipiga. Niliagizwa, sikwenda, nilibaki kaburini ili mkuu wa jimbo anione. Aliyepiga ni Mbonea. Nilikuta viganja vyake vimechubuka. Nikanyamaza, nikapokea shukrani zilizokuwa zake."

Mtu akasema, "Yesu wangu!" Mama mmoja upande wa kushoto akasema bila hata kunong'ona, "Na kile kiherehere chote cha ratiba!" Nilistahili.

Bibi Nakundwa akainuka. Hakunitazama. Akatembea taratibu mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Mbonea, naye Mbonea akavua kofia ambayo hata hakuwa ameivaa. Mkono ulikwenda kichwani tu.

"Nani alikufundisha kile kimya?"

"Yeye mwenyewe, Mama. Nilipokuwa kijana nilikuwa nampokea kamba akichoka. Hiyo ni kabla ya mambo ya maji."

"Na ulikikumbuka."

"Kinasahaulika, Mama?"

"Mbona hukushuka kaburini?"

Aliyejibu ni Kundaeli, kutoka benchi la mbele, uso ameuinamisha.

"Mama, ni sisi. Tulimtumia mtu akamwambie asikanyage pale."

Mzee Mfinanga akaja mbele, akanipokonya ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akakohoa.

"Tangazo linalofuata," akasema.

Halikuwepo. Tukaimba.

Jumatatu Bibi akaniita tena. Nilijua ananiita anirudishie aibu yangu, nikaenda na barua yangu mkononi ili aichane. Akaipokea, akaichana kweli, vipande vinne, akaviweka kwenye kikapu cha maganda ya maharage.

"Kalamu unayo? Andika ya Mbonea kwanza."

Ilikuwa fupi. "Mkono ulioninyima salamu ndio uliomuaga mume wangu. Asante. Kesho maji ya ndiva ni zamu yetu. Fungulia kwako."

Kisha akasema, "Sasa yako."

"Mama, mimi sina cha kushukuriwa."

"Wewe ndiye unayejua? Andika jina lako."

Nikaandika. Akatamka:

"Asante kwa kutokwenda. Ungekwenda, ningesikia kengele. Hukwenda, nikasikia watu wawili waliogombana wamepatana. Asante pia kwa kusema, ingawa ulichelewa. Lakini usizoee."

Kundaeli, aliyekuwa akikata kuni uani, akacheka mpaka shoka likamponyoka. Mimi nilikuwa nalia juu ya karatasi, wino ukatawanyika, na Bibi akasema niiache hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata mama yake Mbonea alizidiwa. Walioshika machela mpaka zahanati ni wana wanne wa Bibi Nakundwa. Alipofariki, hao hao wakachimba kaburi, na Mzee Mfinanga akabeba mawe kwa mikono yake. Mbonea, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mpiga kengele wetu, siku hiyo alikuwa mfiwa, hawezi kuwa kwenye kamba. Akaja kwangu siku moja kabla ya maziko. Tulipanda wote kanisani, akanionyesha namna ya kushika, na namna ya kungoja.

"Usihesabu," aliniambia. "Sali tu. Ukifika kwenye mkate, vuta."

Siku ya maziko nilikuwa juu tangu asubuhi, sijala, nimeshika kamba kwa mikono miwili. Niliona kwa mbali jeneza likianza kushuka. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ananiangalia. Nikavuta mara tatu, polepole. Nikasali Baba Yetu. Nikafika kwenye mkate.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna mtu amekujia moyoni, mtumie kisa hiki, na chini yake mwandikie kwa mkono wako kile hasa alichokufanyia.

Funzo: Shukrani isiyo yako ikikufikia, ipeleke kwa mwenyewe upesi, maana kila siku unayokaa nayo kuna mtu anayeumia kwa sababu yako, nawe ukishukuru, mtaje mtu kwa jina na kwa kazi aliyoifanya, ndipo ukweli utajulikana.