Bango la Mzee Shekiondo

Anayebisha kwamba Mombo haijazaa mjanja kumzidi Kisoda, fundi wa magari, akamuulize Mzee Shekiondo, tajiri wa mbao.

Gari la Mzee lilikuwa likichemsha kila lilipopanda mlima wa Soni. Rejeta ilibadilishwa, pampu ya maji ikabadilishwa, likazidi kufuka. Fundi mmoja alithubutu kugusa bango la picha ya Mzee lililofungwa mbele ya gari, akatimuliwa kwa bakora.

Ilipofika zamu ya Kisoda, Mzee alilitia sanduku lake la spana ndani ya buti liwe rehani.

"Twende Soni. Likichemsha tena, hizi spana zisahau!"

"Sawa, Mzee. Ila kuna jambo la aibu, sijui niliseme vipi."

"Sema!"

"Picha yako umeiweka chini mno. Wanaoifaidi ni mbuzi."

"Mbuzi?"

"Jana nimemwona mmoja anakulamba masharubu. Mtu wa hadhi yako hukaa juu ya paa, Mzee, hata walioko bondeni wamwone."

Mzee alilifungua bango kwa mikono yake mwenyewe, akalisimika juu ya keria. Kisoda akafunua boneti, akapapasapapasa huku akipiga mluzi, akafunika.

Walipanda mpaka Soni, mshale wa joto umetulia tuli. Mzee akamrudishia sanduku lake.

"Umelifanya nini, wewe Kisoda?"

Kisoda alingoja mpaka alipokwisha kudandia lori la kabichi linaloteremka.

"Sijalifanya kitu, Mzee!" akapaza sauti. "Uso wako ndio uliokuwa umeliziba gari pua!"