Jezi ya Kwanza ya Kobelo

Sogeeni niwaulize jambo, maana mimi limenishinda. Kijijini kwetu palikuwa na watu watatu. Mmoja alijua kumfundisha mtu kuinua kichwa, wa pili kumweka mtu mahali pake, wa tatu kumpisha mwenzake.

Wa kwanza ni Asteria, mama mdogo wa Kobelo, aliyemlea. Kobelo alikuwa akipiga chenga uani huku macho yote yako miguuni. Asteria akawa anainua vidole. "Vingapi?" Akikosea, chakula kinasubiri. Mwishowe Kobelo akaweza kukimbia na mpira bila kuutazama.

Wa pili ni kocha Mbena. Kobelo alikuwa mshambuliaji, anapenda sana kushangiliwa. Mbena akamrudisha katikati.

"Kiungo nani anamwona, kocha?"

"Wewe ndiye utawaona wengine. Ingia."

Huko ndiko alikong'ara.

Wa tatu ni Dibwe, mwenye namba nane kabla yake. Watu wa timu ya ligi kuu walipokuja kumtazama yeye Dibwe, alivua jezi akampa Kobelo. "Cheza wewe leo." Kobelo akacheza, wakamchukua. Dibwe hakutafutwa tena na mtu.

Basi, desturi yetu ni hii: jezi ya mechi ya kwanza ya ligi hukabidhiwa mtu aliyemfanya awe mchezaji, kabla ya ibada ya shukrani. Haigawanywi. Anayeipokea ataitwa mzazi wa mchezaji huyo maisha yake yote.

Kobelo akasimama kanisani na jezi yake.

"Lete hapa, mwanangu," akasema Asteria.

"Ningemwacha mbele, mama," akasema Mbena, "leo angekuwa anawapiga chenga kuku wako."

"Mimi sisemi kitu," akasema Dibwe. "Ila siku ile nilikaa benchi na viatu vyangu mguuni."

Katekista Donati akawanyamazisha. "Tuko mbele za Mungu. Kila mmoja aseme alikusudia nini."

Asteria akainama. "Alikuwa ananivunjia sahani. Nilitaka aangalie vyombo vyangu. Mpira sikuuwaza."

Mbena akakohoa. "Alinijibu ovyo mazoezini. Nilimrudisha katikati kumwadhibu."

Dibwe akafuata. "Nilijua hajazoea kucheza na watu wazima. Nilitaka aaibike, wale wageni waseme afadhali mimi. Mungu anisamehe. Na wewe Kobelo, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema Kobelo. Lakini jezi bado ilikuwa mkononi.

Asteria alilinda sahani zake, akampa macho. Mbena aliadhibu, akampa mahali. Dibwe alimtakia mabaya, akampa nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata tena. Na wote watatu wamesema kweli, pale ambapo wangeweza kudanganya.

Waumini wamesimama. Wimbo hauanzi mpaka jezi ipate mwenyewe.

Wewe unayenisikiliza, ungekuwa Kobelo, ungemkabidhi nani?