Mvumo wa Feni na Majani ya Isuba

"Mvumo wa feni haunyaushi jani," Mzee Anyandwile aliwaambia Tusa na kaka yake Gwamaka, walipoing'ang'ania feni iliyokuwa ikinguruma kuliko zote kibandani mwake, alimotengenezea na kuuza feni. Walikuwa wakifungua saluni pale Kyela, na joto la Kyela halina msalie Mtume.

"Jani gani tena, babu?" Tusa akauliza. "Sisi tunasuka nywele."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Sema kwa sauti, mjukuu wangu, masikio yangu mabovu. Jani la chai. Methali hii ina kwao, na kwao ni huko juu, milimani Rungwe. Ilianza hivi."

Kulikuwa na kiwanda kidogo cha chai cha ushirika. Jani likitoka shambani halisagwi likiwa bichi. Hutandazwa kwanza juu ya kitanda kirefu cha wavu, na feni kubwa iliyo chini yake hulipulizia mpaka linyauke. Kiwanda kile kilikuwa na vitanda vinne, lakini feni tatu tu ndizo zilizofanya kazi. Ukiwasha ya nne, swichi kuu inajikata na kiwanda kizima kinanyamaza, kwa sababu umeme wa laini yao haukutosha.

Msimamizi wa vitanda alikuwa mchapakazi, ila alijiamini kupita kiasi. Wafanyakazi walimwita Bwana Sikio, na si kwa kumsifu. Alikaa ofisini na kikombe chake cha chai, akisikiliza. Feni zikinguruma, alitulia. Ngurumo ikipungua, alitoka mbio. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na hakuona sababu ya kunyanyuka bure.

Jambo moja lilimnyima raha. Kijiji cha Isuba kilikuwa mwisho wa njia, hivyo lori lake lilifika wakati vitanda vitatu vimeshajaa. Ilimbidi asimame getini anyooshe mikono miwili kulizuia, na akina mama wa Isuba wamwage mtaroni majani waliyoyachuma kwenye mvua tangu alfajiri. Walikuwa hawamtukani, na hilo ndilo lililomuuma. Mwishowe ushirika ukaamua kwamba kama masika yale yangekwisha bila nafasi kupatikana, Isuba ingeachwa kabisa, na watu wake wang'oe chai yao.

Ndipo fundi Lusajo alipoleta feni mpya ya kujaribu kwa wiki moja. Ilikuwa na mapanga membamba yaliyopinda vizuri, na mota yake ilikula umeme chini ya nusu ya zile za zamani. Wakaiweka chini ya kitanda cha nne, wakaiwasha, na swichi kuu ikatulia. Majani ya Isuba yakatandazwa.

Bwana Sikio akarudi ofisini, akatega sikio. Akasikia ngurumo tatu. Ya nne hakuisikia. Akatoka mbio.

"Imekufa hii!"

"Inazunguka, mzee," Lusajo akasema.

"Feni gani inanong'ona kama mgonjwa? Hamishieni majani kitanda cha tatu!"

Kitanda cha tatu kilikuwa kimejaa tayari. Majani yakarundikwa, hewa ikakosa pa kupita, na asubuhi yake rundo lote lilikuwa limepata moto, limekuwa jekundu na kunuka uchachu. Na mjue ukaidi ulivyo: Bwana Sikio akailaumu feni mpya. Siku ya pili akafanya vilevile.

Siku ya tatu aliitwa ushirika, akarudi jioni majani yakiwa yameshapulizwa saa nyingi; alipotoka mbio, alimkuta Subilaga amesimama mbele ya kitanda cha nne. Subilaga alikuwa mtandazaji wa majani, mzaliwa wa Isuba, mpole ambaye sauti yake haikuwa imewahi kusikika kiwandani.

"Hamisha," msimamizi akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamisha."

"Sihamishi." Hakusogea. "Mama yangu amechuma haya kwa mgongo mbovu. Mtaroni yamekwenda, jana na juzi yameoza. Mzee, ni wewe uliyenifundisha kupima jani. Ulisema linapimwa kwa kitu gani?"

Msimamizi akayatazama majani.

"Ulisema kwa kitu gani, mzee?"

"Kwa mkono," akajibu.

"Basi lifinye."

Msimamizi akachota konzi ya majani kitanda cha tatu, akafinya, akaachia. Majani yakafumuka, bado mabichi, na katikati yana joto. Akaenda kitanda cha nne, akachota, akafinya, akaachia. Yakabaki donge kiganjani, laini kama tonge la ugali. Akanyoosha mkono juu ya wavu kutoka mwanzo hadi mwisho, na upepo wa baridi ukamgusa sawasawa kila mahali. Aibu ikamshika hadi shingoni.

Lusajo akafungua kifuniko cha feni ya tatu. Mapanga yalikuwa yamepinda na kujaa vumbi, na mkanda umelegea, unajipiga. "Hiyo ndiyo ngurumo yako, mzee," akasema. "Nayo inakula umeme. Upepo unapata makombo."

Kesho yake lori la Isuba likafika. Akina mama wakaanza kushusha vikapu kuelekea mtaroni, kwa mazoea. Bwana Sikio akafungua geti mwenyewe, akapokea kikapu cha kwanza begani, akasema mbele ya wote, "Nisameheni. Mvumo wa feni haunyaushi jani." Kufika masika yaliyofuata feni zote nne zilikuwa mpya, umeme ni uleule, na mtaro ule ukaota majimbi.

Tusa alikuwa ameinamia mbele. "Na yule msimamizi, babu, aliishia wapi?"

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eti?"

"Bwana Sikio! Aliishia wapi?"

"Ahaa. Masikio aliyaacha kwenye ngurumo za kitanda cha tatu," mzee akasema, huku akiwasha feni ndogo ya pembeni ambayo hawakuwa wameitazama. "Mkono ulibaki mzima. Sasa anatengeneza feni Kyela."

Gwamaka akacheka, kisha akamtazama mzee masikioni. Akanyoosha kiganja mbele ya ile feni ndogo, na shanga za nywele za dada yake aliyesimama nyuma yake zikaanza kugongana.

"Tunachukua hii, babu."

"Mvumo wa feni," mzee akaanza.

"Haunyaushi jani," wakamalizia wote wawili, kwa sauti ya kutosha.