Vitonge vya Siku Isiyo na Moto

Haya, sogeeni, na mwenye mdomo mwepesi aushike kwanza, maana mwisho wa hadithi hii nitawageukia nyinyi wenyewe mnijibu.

Huko Sikonge, katika nyumba ya Mzee Maganga, palikuwa na wanawake watatu na kila mmoja alikuwa na chake. Nyamizi, binti mkubwa, aliyeolewa jirani ila hakosekani kwao, alikuwa na vidole vinavyojua karanga. Punje iliyoharibika aliitambua kwa kuigusa tu, hata akiwa katikati ya umbea. Kabula, mke wa kaka yao, alikuwa na mikono isiyochoka. Akishika mchi, kinu ndicho kinachoomba kupumzika. Na Limi, binti mdogo, alikuwa na mkono wa kuchanganya. Hapimi kwa kikombe wala kijiko, anapima kwa jicho, na hakosei.

Limi ndiye aliyekuwa na jambo moyoni. Aliolewa Urambo, akaachwa mwaka wa tatu, akarudi kwa baba yake na sanduku moja. Hakuna aliyemsema vibaya. Ila kila aliposhika ufagio aliambiwa, "Acha, mgeni wetu, pumzika," na neno hilo lilimuuma kuliko tusi. Alitaka awe na kazi moja katika nyumba ile ambayo hakuna atakayempokonya kwa huruma.

Sasa, ukoo ule una desturi yake. Wakihamia nyumba mpya, moto wa kwanza jikoni huwashwa na shangazi mkubwa. Kabla hajauwasha hakipikwi kitu, wala chakula cha moto wa jirani hakiingii mlangoni. Na Shangazi Milembe hana mzaha. Mdogo wake mmoja alijiwashia bila kumngoja, na huu mwaka wa tisa shangazi hajakanyaga kwake.

Basi Mzee Maganga akahama Jumamosi. Moto wa nyumba ya zamani ukazimwa alfajiri, na watu kumi na mmoja wakaingia nyumba mpya kule shambani, wakamngoja shangazi afike saa nne. Saa nne ikapita. Saa sita akapiga simu: basi limeharibika njiani, fundi anatafutwa. Pacha wa Kabula, wenye miaka miwili, walishaanza kulia, na bibi yao mzaa baba, asiye na jino hata moja, alikuwa amejikunja kwa njaa.

"Washeni," alisema Mzee Maganga. "Sitaua watoto kwa ajili ya desturi."

"Baba, ukiwasha umempoteza dada yako," Limi akasema. "Tupe muda. Tutawalisha bila moto."

Alisema kwa uhakika hata baba yake akakaa chini. Lakini walikuwa na nini? Debe la karanga zilizokaangwa jana kule nyumba ya zamani, dumu la asali, ndoo ya maji, kinu na mchi wake, na ungo. Basi. Sahani na vijiko vilikuwa bado kwenye tela, vinakuja kwa safari ya pili. Na msiniambie wangetafuna karanga hivyo hivyo. Bibi angetafunia nini? Na wale pacha wangepaliwa.

Nyamizi akaanza. Karanga zile zilikuwa zimetoka kwenye gunia lililonyeshewa, na punje chache chungu zinatosha kuharibu kinu kizima. Akazifikicha maganda, akazipeta, kisha akapitisha vidole kwenye ungo, punje kwa punje. Wengine waliona karanga nzuri tupu. Yeye alitoa konzi tatu za zilizovunda.

"Hizi zingewalaza watoto hospitali," alisema, akazimwaga mbali.

Kabula akapokea. Akatwanga mpaka karanga zikawa unga.

"Inatosha, wifi," Nyamizi akamwambia.

"Bado. Huu ni vumbi."

Akatwanga unga ukashikana, akatwanga ukawa mzito kama udongo wa kufinyangia, akatwanga tena mpaka ukalegea, ukatoa mafuta, ukawa siagi inayong'aa. Kanga ilimlowa mgongo mzima, na hakumwachia mtu mchi hata mara moja.

Limi akapokea. Akamimina asali, akachanganya. Siagi ikawa laini mno, inachuruzika vidoleni. Utamgawiaje mtu kitu hicho bila sahani? Limi akachovya vidole majini, akanyunyiza kwenye kinu.

"Unaiharibu!" Kabula akapiga kelele. "Jasho langu lote hilo!"

"Ngoja, wifi."

Mama mkwe wake wa Urambo, yule yule aliyemfungia sanduku, ndiye aliyemwonyesha: siagi ya karanga ikipata maji kidogo hukaza, yakizidi imeharibika. Akanyunyiza tena, akageuza, akasikia inakaza chini ya vidole, akaacha hapo hapo. Akaviringisha vitonge, kila kimoja kikasimama imara kiganjani.

Wakala wote. Pacha wakanyamaza. Bibi akala vinne, akauliza kama kuna aliyeshiba ili amsaidie chake.

Saa kumi Shangazi Milembe akaingia. Hakusalimia mtu, alikwenda moja kwa moja jikoni akatia mkono kwenye mafiga. Baridi. Akapewa vitonge, akala vitatu akiwa amesimama, na machozi yakamlengalenga.

"Magoti yangu yamekataa safari," alisema. "Siwashi tena. Aliyelisha nyumba hii leo ndiye atakayewasha moto huu na wa kila nyumba mpya ya ukoo wetu. Awe kazaliwa humu au kaolewa humu, sijali. Ni nani?"

"Mimi, shangazi," akasema Nyamizi. "Bila vidole vyangu wangelishwa sumu."

"Mimi, shangazi," akasema Kabula. "Bila mikono yangu mngekuwa na vumbi la karanga. Na jiko hili nitalipikia mimi kila siku."

Limi akavuta pumzi. "Wenzangu wana majiko yao, mimi sina. Nautaka moto huu kuliko wao, sifichi. Lakini usinipe kwa kunihurumia. Ukinipa, nipe kwa sababu vitonge vilisimama mkononi mwangu."

"Si washike wote watatu yaishe?" akadakia Mzee Maganga.

"Kijiti kimoja cha kiberiti, mikono mitatu? Kaa kimya, mdogo wangu."

Shangazi akakwangua kiberiti, akakinyoosha kijiti kinachowaka mbele ya wanawake wale watatu. Nyamizi akanyoosha mkono. Kabula akanyoosha mkono. Limi naye akanyoosha wake, hakuushusha.

Haya, wasikilizaji, jibuni upesi, maana moto unakaribia vidole vya shangazi. Vidole vilivyochagua, mikono iliyotwanga, au mkono uliokaza siagi? Na wewe unayemtaja Limi, umempa kwa kazi yake, au umemhurumia, jambo alilokukataza? Je, wewe ungemkabidhi nani?